Jumamosi za Filia

Wengi wenu mliolelewa kwa Kiswahili mkisikia harufu ya iliki mnakumbuka chai ya maziwa na sauti ya shangazi. Mimi hunijia kichefuchefu. Juzi nilikuwa nashuka ngazi za metro, mtu akafungua mlango wa duka la mikate, nikapigwa usoni na harufu ya vile vimikate vya iliki vya kusokotwa ambavyo watu wa Stockholm hula na kahawa. Nikasimama palepale, mtu mzima mwenye kazi na watoto, nikiwa na hasira ya msichana mdogo aliyevaa soksi za sufu zilizolowa. Kwenu iliki ni harufu ya nyumbani. Kwangu ni harufu ya maadili mema, na sijakutana bado na harufu iliyo tupu kuliko hiyo.

Tulikaa Bredäng, pembezoni mwa Stockholm, katika mojawapo ya yale majengo marefu yanayofanana kiasi kwamba wageni wetu waliotoka kwetu Uvira, Kongo, walizoea kugonga milango ya watu wasiowajua. Mama alikuwa akihudumia wazee wa Kiswidi majumbani mwao. Papa alipanga vifurushi katika ghala moja, lakini ghala hilo halikutajwa nyumbani kwetu, kama vile ugonjwa wa aibu usivyotajwa. Nyumbani na kanisani Papa alikuwa Profesa. Alikuwa amesoma seminari kule Bukavu, mapadri wakamfundisha Kilatini na Kiyunani, kisha akaondoka kabla ya kuwekewa mikono. Yeye alisema aliondoka kwa sababu ya mawazo. Mama alisema aliondoka kwa sababu yake yeye, Mama.

Katika kanisa letu, ambalo lilikuwa ukumbi wa kukodi wenye harufu ya viatu vya michezo, mtu anayejua Kiyunani alikuwa nusu malaika. Agano Jipya liliandikwa kwa lugha hiyo, na nilipokuwa mdogo niliamini kwamba ndiyo lugha inayotumika mbinguni hadi leo, na kwamba wengine wote tutahitaji mkalimani. Mchungaji alikuwa na desturi ya kusimama katikati ya mahubiri na kuuliza, "Na kwa Kiyunani, Profesa, hapo pamesemaje?" Papa alifumba macho, halafu akasema, "Kwa Kiyunani pana uzito zaidi." Basi. Watu waliguna kwa heshima, nami nilijivuna hadi mabega yakaniuma. Leo najua kwamba mtu anaweza kuishi maisha mazima kwa sentensi hiyo moja, na kwamba baba yangu alijaribu.

Biblia yenyewe hakuisoma sana. Alichosoma ni insha za wale wazee wa kale wa Uyunani walioandika jinsi mtu anavyopaswa kuishi: namna ya kuituliza hasira, namna ya kuchagua rafiki, namna ya kunyamaza. Alikuwa na kitabu chenye jalada la rangi ya ini, alichokishika kwa mikono miwili kama sahani ya supu ya moto. Alipokuwa akisoma insha ya hasira, hakuna aliyeruhusiwa kufungua bomba la maji. Mara moja niliangusha kijiko, akatoka chumbani akipiga kelele mpaka jirani wa chini akagonga dari yake kwa fimbo ya ufagio. Nilimuuliza Mama kitabu kile kinahusu nini. Akasema, "Hasira." Nikaelewa. Nilidhani ni kitabu cha kujifunzia, na kwamba Papa alikuwa mwanafunzi hodari.

Sasa Lennart. Lennart alikuwa mwalimu mstaafu wa lugha za kale, mrefu, mwenye nyusi zilizoinuka kama za bundi. Alimkuta Papa maktaba akisoma kitabu kile, na hadi anakufa hakuacha kuwasimulia watu jinsi alivyomkuta. "Mwafrika! Kutoka Bredäng! Anasoma bila tafsiri!" Alisimulia huku Papa amekaa hapohapo mbele yake, na Papa alitabasamu kama mtu anayesomewa cheti. Lennart alikuwa na kikundi kilichokutana nyumbani kwake Östermalm, mtaa wa wenye nazo, kila Jumamosi mchana. Alikuwepo Gunnel, mjane wa mtu wa ubalozi, ambaye aliwahi kukaa Dar es Salaam na alikumbuka neno moja, "Jambo," ambalo alinitupia kila wiki kama anavyomtupia mbwa wake mfupa. Mbwa huyo, kitu kidogo cheupe chenye pumzi mbaya, alikuja naye. Alikuwepo pia daktari wa meno mstaafu ambaye hakuwahi kusema chochote isipokuwa kuomba sukari. Wakamwalika Papa awe wa nne.

Mama alikuwa kazini Jumamosi, kwa hiyo nami nilipelekwa. Treni ileile nyekundu inayopita Bredäng hukufikisha Östermalm bila kubadilisha, na hicho ndicho kitu pekee kinachounganisha mahali hapo pawili. Tulivua viatu mlangoni. Sakafu ililia chini ya miguu. Niliketishwa kwenye kiti kigumu karibu na kipasha joto, na kimkate changu kwenye sahani yenye ua, na nikaambiwa nisikilize, kwa maana ni watoto wachache waliobahatika namna hii.

Nilisikiliza. Mtu mmoja alisoma sentensi kwa Kiyunani, kisha wakaichinja. Walibishana juu ya alama ya mkazo moja kwa muda ambao ungemtosha Mama kupika maharage. Walizungumza Kiswidi kati ya sentensi na sentensi, na Kiswidi nilikijua vizuri kuliko Papa. Ndipo nilipoanza kumsikia yule mwanamke. Wakati huo walikuwa kwenye insha ndefu, iliyowachukua majira yote ya baridi, na ndani yake jina lake lilirudi kila baada ya mistari michache: Filia.

Filia anahitaji muda, alisema Lennart. Filia hawezi kugawanywa kwa watu wengi, alisema Gunnel, na macho yake yakalegea. Papa, kwa Kiswidi chake chenye mawe, alisema kwamba mtu anaweza kukosa mali na cheo, lakini hawezi kuishi bila Filia. Wote walitikisa vichwa kukubali. Hata daktari wa meno alitikisa chake.

Niliwaza. Mwishoni mwa ukumbi wa nyumba ile kulikuwa na mlango mwembamba ambao haukufunguliwa kamwe. Nikaamua Filia yuko humo. Nilimwona wazi kabisa: mgonjwa kidogo, mwenye nywele ndefu za kijivu, anayewasikiliza hawa watu wazima wanne waliokuja kila wiki kwa ajili yake na ambaye kwa sababu fulani haruhusiwi kutoka. Siku moja, nikienda msalani, nilitega sikio mlangoni. Nilisikia kitu kama pumzi. Niliacha nusu ya kimkate changu pale kizingitini, na niliporudi kuchungulia kilikuwa kimetoweka. Sikumfikiria mbwa. Nilirudi kwenye kiti changu, na tangu siku hiyo nikamwachia Filia nusu kila Jumamosi. Katika nyumba ile iliyojaa wataalamu wa urafiki, nadhani nilikuwa mtu pekee aliyempelekea mtu chakula.

Mambo yalipasuka kanisani. Baada ya ibada wanawake walikuwa wakigawa sambusa, na mke wa mchungaji, Mama Rehema, aliniita. Alikuwa mwanamke mpana, mwema, mwenye masikio makubwa kwa kila maana.

"Furaha, mwanangu, Papa yako anaendaka wapi Jumamosi? Hatumuone tena kwenye kwaya."

"Anaenda mjini kwa Filia."

"Filia ni nani?"

"Ni yule mama. Papa anasema mtu hawezi kuishi bila Filia."

Akaacha kutafuna. "Wewe umemuona?"

"Hapana. Anakaa kwenye chumba, wanafunga. Lakini nampelekea mkate."

Mama Rehema alinipa sambusa ya pili bila kuniangalia. Kabla Mama hajamaliza kuvaa koti lake, habari ilikuwa imefika kwenye meza ya chai, na kabla hatujafika nyumbani ilikuwa imefika Tumba, mwisho wa reli, ambako dada mkubwa wa Mama, mama mkubwa Espérance, alikuwa amesikia kutoka kwa mtu aliyesikia kutoka kwa mtu. Simu ilikuwa inalia tulipofungua mlango.

Kuna watu ambao wakisikia sehemu hii huniangalia kwa huruma na kusubiri niseme kwamba nimebeba lawama miaka yote hii. Sijabeba. Mtoto alisema alichosikia. Neno moja lingetosha kumaliza jambo lile, nalo lilikuwa kinywani mwa mtu mzima mwenye lugha sita.

Mama alimuuliza mchana huohuo. Alikuwa anakoroga bugali, ugali wetu wa Kongo, na hakugeuka.

"Papa Furaha, Filia ni nani?"

Papa alikuwa mezani na kitabu chake. Alikishusha polepole. Mimi nilikuwa kwenye kochi, na niliuona uso wake ukipita hatua zote: kwanza hakuelewa, kisha akaelewa, kisha kukatokea kitu ambacho nilipokuwa mtoto sikuwa na jina lake. Leo ninalo. Alifurahi. Alikuwa amepata nafasi ya kuwa na akili kuliko mtu fulani chumbani.

"Nani amekuambia habari hizo?"

"Sikuuliza nani ameniambia. Nimeuliza Filia ni nani."

"Filia," alisema Papa, "ni kitu ambacho wewe hukijui."

Aliipenda sentensi ile. Niliona alivyoipenda. Aliirudia kwa Kifaransa, peke yake, kwa sauti ndogo, kuona kama inafaa na huko. Mama aliacha mwiko ndani ya sufuria. Akasema, bado kwa upole, "Niambie basi nikijue."

"Siwezi kuanza kumfundisha mtu mzima alfabeti kwa sababu ya umbeya wa wanawake."

"Sitaki alfabeti. Nataka kujua kama kuna mwanamke."

Hapo ndipo mwanafunzi wa insha ya hasira alipopiga meza. Alisema ameishi kati ya watu wa giza maisha yake yote. Alisema ana saa chache tu kwa wiki za kukaa na wenzake, na hata hizo zinaonewa wivu. Hakusema "ndiyo" wala hakusema "hapana". Kukana kungekuwa kushuka, naye alikuwa amepanda mbali sana. Bugali ukaungua. Tulikula hivyohivyo, na yeye alilalamika juu ya ladha.

Katikati ya wiki akaja mchungaji na mzee mmoja wa kanisa, baba mtulivu aliyekuwa dereva wa basi. Walikaa na makoti yao mapajani. Mchungaji alisema wamekuja kwa upendo. Papa aliwatazama kama mtu aliyeletewa wanafunzi ambao hakuomba, kisha akaanza. Alianza na mzizi wa neno. Alieleza tofauti ya aina za upendo kwa Wayunani, akaeleza walivyokosea waliotafsiri, akaeleza kosa la mapadri wa Bukavu katika matamshi ya herufi moja. Chai ilipoa. Mchungaji alikuwa anaitikia, "Ndiyo, Profesa," kwa sauti inayozidi kufifia. Neno "urafiki" Papa hakulisema hata mara moja. Lilikuwa neno la kawaida mno, lingewafanya waelewe.

Aliponyamaza, yule dereva wa basi alikohoa. "Nashukuru kwa maelezo. Sasa huyu mama, anakaa wapi?"

Papa alicheka. Alicheka kwa muda mrefu, kichwa nyuma, na wale watu wawili waliokuja kwa upendo wakainuka na kuvaa makoti yao. Mlangoni mchungaji alimshika Mama mkono na kumwambia atamwombea. Alidhani kicheko cha Papa ni kukiri.

Mama aliomba ruhusa kazini Jumamosi iliyofuata. Alivaa kitenge chake cha harusi za watu, kile cha kijani chenye ndege, akafunga kilemba, akavaa koti la baridi juu yake. Papa alikuwa ameshatangulia. Alipoondoka aliniangalia tu, akasema leo nibaki na mama yangu. "Twende unionyeshe," Mama alisema, nami nilimwonyesha. Kwenye treni alikaa wima kama aliyekwenda kupigwa picha. Mimi nilikuwa na wasiwasi juu ya Filia. Niliona ni mgonjwa, na Mama alikuwa na mikono yenye nguvu.

Lennart alifungua. Harufu ya iliki ilitutangulia hadi kwenye ngazi. Mama alivua viatu vyake, akavipanga sawasawa, akaingia sebuleni na koti lake mwilini kwa sababu hakuna aliyemwambia alivue. Mezani walikuwepo wote watatu, na vikombe, na vitabu vimefunguliwa ukurasa mmoja. Papa alisimama nusu, akakaa tena.

"Jambo," alisema Gunnel.

Mama alitumia Kiswidi alichojifunza darasani, kila neno mahali pake. "Habari za mchana. Ninamtafuta Filia."

Walitazamana. Kisha uso wa Lennart ukafunguka kwa furaha, kama mtu aliyetupiwa mpira mzuri.

"Mama mpendwa," akasema, "sote tunamtafuta."

Gunnel akapiga kofi moja dogo la kushangilia. Daktari wa meno akatabasamu kwenye kikombe chake. Mama alisubiri. Lennart, akiona kwamba haondoki, alieleza, na lazima niseme haki: alieleza vizuri, kwa sentensi mbili. Alisema ni neno la kale lenye maana ya urafiki, na kwamba wanasoma insha juu yake. Aligeuza kitabu amwonyeshe. Mama alikitazama kile kitabu, zile herufi kama vijidudu, kisha akaangalia meza, vimikate, vikombe, mbwa aliyelala chini ya kiti. Mwisho akamtazama mume wake, na akazungumza Kiswahili.

"Neno moja. Urafiki. Umeshindwa kuniambia neno moja mbele ya mtoto wako? Umeacha watu wanicheke wiki nzima, mchungaji ananiombea, na lilikuwa neno moja?"

"Usingeelewa," alisema Papa.

"Nimeelewa sasa hivi. Mzungu ameniambia nikiwa nimesimama."

Lennart aliuliza kwa adabu mgeni anasema nini. Na Papa, mtu asiyehitaji tafsiri, akatafsiri. Akamwambia kwa Kiswidi kwamba mke wake anaomba radhi kwa kuwasumbua, na anashukuru kwa maelezo.

Sijui nilipata wapi sauti. Ilitoka tu, kwa Kiswidi safi cha shule ya Bredäng. "Hakusema hivyo." Nikawaambia alichosema, neno kwa neno, hadi lile la kusimama. Nilipomaliza, mbwa alikuwa anajikuna chini ya kiti.

Sasa mtu aliyesoma juu ya urafiki majira yote ya baridi, unadhani angefanya nini? Labda angevuta kiti. Labda angemwambia Papa ainuke. Yule mama Gunnel aliweka mkono kifuani na kusema, "Lakini hii ni ajabu kabisa. Ni sehemu ileile tuliyosoma wiki iliyopita. Kuhusu wasio sawa."

"Ukurasa wa nyuma," alisema Lennart, na tayari alikuwa anafunua. "Kama urafiki unawezekana kati ya wasio sawa. Mfano mzuri sana. Mzuri sana."

Wakainama wote. Walisoma kile kisehemu kwa sauti, na mama yangu amesimama mbele yao katika koti lake, na kitenge chake cha ndege kikichungulia chini, kama kiti kilicholetwa ili kueleza maana ya neno "kiti". Papa alibaki ameinamisha uso kwa muda. Nilifikiri anaona aibu, na moyo wangu ukamwendea. Kisha akainua kidole. Alikuwa ameona kitu juu ya kitenzi. Alisema anadhani maana inabadilika wakikichukua kitenzi kile kwa namna nyingine, na Lennart akasema, "Bravo."

Mama aligeuka. Alivaa viatu. Papa aliita kutoka mezani, kwa Kiswahili, kwamba anakuja, wamalize tu aya hii.

Aliimaliza. Kwa kadiri ninavyojua waliimaliza insha yote kabla ya majira ya joto.

Kwenye treni Mama alitazama nje ya dirisha hadi tulipovuka maji kwenye daraja. Kisha akauliza, "Yule mama mwenye mbwa alisema nini mwishoni?"

"Alisema wewe ni mfano."

"Mfano wa nini?"

"Wa urafiki."

Akaanza kucheka. Alicheka akijifuta macho kwa ncha ya kilemba, watu wakageuka kututazama, naye hakuwajali. Tulipofika nyumbani alijaza mifuko, na kabla giza halijaingia tulikuwa Tumba, kwa mama mkubwa Espérance, ambaye alifungua mlango, akatutazama, akatandika godoro bila kuuliza swali lolote. Hatukurudi. Papa alituma ujumbe kupitia kwa mchungaji kwamba yuko tayari kusamehe. Alisubiri jibu la ujumbe ule kwa muda mrefu sana, na kufuatana na anavyosema, bado inamshangaza kwamba halikuja.

Nilipofika chuo kikuu nilichukua Kiyunani. Marafiki walidhani ni mapenzi ya lugha. Nilikisoma kama mtu anayeingia kukagua nyumba ya jirani aliyemtukana mama yake: nilifungua kila kabati. Nilijifunza vitenzi vyao vya kujitendea, alama za mkazo, na vile vineno vidogo visivyotafsirika ambavyo Lennart alivilamba kama asali. Kisha nikaitafuta ile insha na kuisoma kwa lugha yake, kwa kamusi, majira yote ya baridi. Nilitaka iwe takataka. Haikuwa. Ilikuwa nzuri, ya wazi, ya mtu aliyeishi na watu, na hapo dharau yangu ikakomaa. Kama ingekuwa takataka ningewasamehe. Waliyasoma maneno mazuri, kila herufi, hawakuruka hata nukta, yakapita ndani yao kama maji kwenye bomba, bila bomba kulowa kwa faida yoyote. Jambo moja tu nililiona kwa huzuni. Wayunani wana jina la kitu hicho, nasi zaidi ya jina tuna kitenzi: kupendana. Kiswahili hakikubali mtu apendane peke yake. Papa alikuwa na lugha hiyo tangu tumboni mwa mama yake, na hakuona ndani yake kitu cha kumwambia mkewe.

Kile kikundi kiliisha namna vinavyoisha vikundi kama hivyo. Lennart alikufa. Gunnel na daktari wa meno waligombania kamusi yake kubwa, na ndipo daktari alipogundulika kuwa na sauti. Papa hakuambiwa siku ya mazishi. Aliisoma kwenye gazeti, baadaye. Aliniambia kwamba hakika barua ilipotea, na nikamwacha na barua yake.

Siku hizi macho yake yamechoka. Katikati ya kila kitu anachokitazama kuna doa, anaona kingo tu. Anakaa palepale Bredäng, na mimi humpelekea chakula, kwa sababu mtu lazima ale. Mwaka huu aliniomba nimsomee. Katika watu wote anaowafahamu waliobaki, mimi peke yangu ndiye ninayeweza. Nilimsomea mara kadhaa, naye alinikatiza kila mstari. "Mkazo," alisema. "Mkazo uko nyuma." Alikuwa sahihi kila mara. Hiyo ndiyo iliyonichosha.

Mara ya mwisho nilikaa, nikafungua ile insha, na nikasoma kwa Kiswahili, nikitafsiri papo hapo.

"Kwa Kiswahili si kitu kilekile," alisema.

"Sikiliza tu, Papa."

Bila mikazo ya kusahihisha hakuwa na la kufanya ila kusikiliza. Nilifika mahali ambapo yule mzee wa kale anasema juu ya mtu aliye mpole sokoni na mkali nyumbani. Anasema mtu huyo asijisifu kwamba ameishinda hasira, maana anawaogopa tu wa sokoni, na wa nyumbani hawaogopi. Na kwamba mtu asiyeweza kuwa rafiki wa anayekula naye sufuria moja, hao wengine anaowaita marafiki ni watazamaji wake. Nilisoma bila kupaza sauti. Papa aligeuza kichwa pembeni, kama anavyofanya anapotaka kuona kwa ukingo wa jicho.

"Hiyo haimo," alisema.

"Imo."

"Nimekisoma kitabu hicho tangu Bukavu. Haimo."

Nikamsomea kwa Kiyunani. Safari hii hakusahihisha chochote. Midomo yake iliyafuata maneno hadi mwisho, yote, kwa moyo, kabla sijayafikia. Aliyajua. Alikuwa anayajua muda wote.

Alikaa. Mikono yake ilitafuta kitu mezani na haikukipata. Halafu akaniuliza, kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa mtoto, Mama anaendeleaje.

Nikamwambia ni mzima. Nikamwambia yuko Tumba palepale, treni zipo, na kama hataki kwenda peke yake nitamshika mkono.

Alifikiri.

"Leo nje kuna baridi," akasema.

Ilikuwa mwezi wa sita, majira ya joto ya huko. Dirisha lilikuwa wazi, na chini uwanjani watoto walikuwa wanakimbizana bila mashati.